Kiini kimoja, majibu manne: kwa nini hesabu za beta maradufu bila nutrino hazikubaliani?

#1 Mwalimu_Nyegezi

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisaidie jambo ambalo kijana wangu wa kidato cha sita alinibana nalo Ijumaa mbele ya darasa zima, mpaka kengele ikaniokoa.

Nilikuwa nimewaeleza kwamba jaribio la KamLAND-Zen la Japani, linalotumia zenoni-136 iliyoyeyushwa ndani ya mafuta yanayotoa mwanga, lilitangaza mwaka 2024 kuwa kama zenoni hiyo huoza kwa njia ya beta maradufu pasipo kutoa nutrino, basi nusu-uhai wake unazidi miaka 3.8 × 10²⁶. Kutokana na hapo wakasema kuwa uzito fanisi wa nutrino hauvuki kikomo kilicho mahali fulani kati ya milielektronivolti 28 na 122. Kijana akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwenye nusu-uhai wametoa namba moja. Kwenye uzito wametoa mbili, na moja ni zaidi ya mara nne ya mwenzake. Nikikuandikia hivyo kwenye mtihani utanipa alama?"

Nilimjibu kuwa kifaa hakina kosa, ila utata uko kwenye hesabu za muundo wa kiini. Akauliza inakuwaje kiini kilekile, chenye protoni 54 na nyutroni 82, kihesabiwe na wataalamu wenye kompyuta kubwa kisha majibu yapishane mara nne. Hapo ndipo kengele ilipolia. Jumatatu ananisubiri.

#2 KarabaiUsiku

Mwalimu, mimi naamini kengele hiyo ulikuwa umepanga na mlinzi.

Kabla wataalamu hawajaja, naomba tuanze chini. Mimi ni mhasibu wa wafanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba, na nusu-uhai nimeusikia, lakini beta "maradufu" ni kitu gani, na hiyo nutrino isiyotoka ina umuhimu gani ikiwa haitoki?

#3 BintiUkerewe

Shikamoo Mwalimu. Nilisoma fizikia ya viini kwa shahada ya pili, kwa hiyo nianze na hilo la KarabaiUsiku.

Ndani ya kiini, nyutroni hupenda kukaa mbili mbili, na protoni vilevile. Kiini chenye idadi shufwa ya zote mbili huwa kimetulia kuliko jirani yake mwenye idadi witiri. Ndiyo maana germaniamu-76 haiwezi kugeuka kuwa aseniki-76 kwa beta ya kawaida, yaani nyutroni moja kugeuka protoni na kutoa elektroni pamoja na antinutrino (mwenzi kinyume wa nutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji): aseniki hiyo ni nzito zaidi, na nishati ya kupandia haipo. Lakini nyutroni mbili zikigeuka protoni kwa mkupuo mmoja, germaniamu inafika kwenye seleniamu-76 ambayo ni nyepesi, na ziada ya nishati, megaelektronivolti 2.039, inabebwa na chembe zinazotoka.

Zikitoka elektroni mbili pamoja na antinutrino mbili, hilo lilibashiriwa na Maria Goeppert-Mayer mwaka 1935 na likaonekana moja kwa moja maabara mwaka 1987 kwa seleniamu-82. Zikitoka elektroni mbili peke yake, basi nutrino iliyozaliwa na nyutroni ya kwanza imemezwa na ya pili ndani ya kiini hichohicho, jambo linalowezekana tu ikiwa nutrino ni antichembe ya nafsi yake, kama Ettore Majorana alivyopendekeza mwaka 1937. Wendell Furry ndiye aliyeunganisha mawazo hayo mawili mwaka 1939. Mpaka leo haijaonekana.

Kasi ya kuoza kwa njia hiyo ni zao la vitu vitatu. Cha kwanza kinatokana na nafasi ya elektroni kutoka, nacho kinajulikana vizuri. Cha pili ni mraba wa uzito fanisi wa nutrino, yaani jumla ya michango ya uzito wa aina zake tatu. Cha tatu ni mraba wa kipengele cha matriksi cha kiini, yaani kipimo cha jinsi kiini cha mwanzo, baada ya kugeuziwa nyutroni zake mbili, kinavyooana na kiini cha mwisho. Hicho cha tatu hakuna chombo cha kukipima. Ni lazima kihesabiwe.

#4 KarabaiUsiku

Asante dada, sasa naona. Ila "kipengele cha matriksi cha kiini" ni jina refu kuliko daladala ya Igoma. Naomba humu ndani tukiite kizidishi.

#5 Jiwe_la_Bismarck

Kizidishi kimepita. Sasa tuweke namba mezani, maana #1 imetaja 28 na 122 bila kueleza zilikotoka.

Gawanya 122 kwa 28 unapata takriban 4.36. Vizidishi vya zenoni-136 vilivyotumika katika tafsiri hiyo vinaanzia karibu 1.1 hadi karibu 4.8, na 4.8 kwa 1.1 ni hiyohiyo 4.36. Kwa maneno mengine, upana wote wa jibu unatoka kwenye kizidishi. Maji, mafuta, vihisio vya mwanga na miaka ya kukesha chini ya mlima havikuchangia chochote katika utata huo.

Tena hasara yake si ya karatasi tu. Kilo moja ya germaniamu-76 ina atomi zipatazo 7.9 × 10²⁴. Nusu-uhai ukiwa miaka 1.8 × 10²⁶, ambacho ndicho kikomo ambacho jaribio la GERDA lilikifikia mwaka 2020 huko Gran Sasso, Italia, tani nzima ingekupa matukio yapatayo 30 kwa mwaka. Nusu-uhai ukiwa 10²⁸, tani hiyohiyo itakupa tukio moja katika kila miaka miwili hivi. Sasa chukulia kizidishi cha kweli ni nusu ya ulichokipangia bajeti. Nusu-uhai unakuwa mara nne. Kama kifaa chako ni safi kabisa, utahitaji mara nne ya kilo au ya miaka. Kama kina uchafu wa mionzi mingine, utahitaji mara 16, kwa sababu hapo unyeti hupanda kwa kipeuo cha pili tu cha kilo ukizidisha miaka.

#6 KarabaiUsiku

Hiyo mara nne na mara 16 naielewa kuliko unavyodhani. Dagaa walioanikwa kwenye chanja unawapima na kuondoka. Dagaa walioanikwa mchangani, ukitaka kujua kilo halisi, ni lazima upepete, upime tena, upepete tena, na bado mteja wa Dodoma atapiga simu kulalamika.

#7 Stendi_Nyamhongolo

Wakuu, mbona mnasema haijaonekana? Nakumbuka vizuri kuwa mwaka 2001 Wajerumani walitangaza kuiona kwenye germaniamu. Na isitoshe, tuzo ya Nobel ya 2015 ilitolewa kwa waliopima uzito wa nutrino, kwa hiyo namba mnayoitafuta ipo tayari.

#8 Jiwe_la_Bismarck

Mkuu Stendi, yote mawili yanahitaji marekebisho. Madai ya 2001 yalitolewa na baadhi ya washiriki wa jaribio la Heidelberg-Moscow, si wote, na yalibishaniwa tangu siku ya kwanza. GERDA ilipotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2013, kwa kutumia germaniamu ileile na katika maabara ileile ya chini ya mlima, kilele walichokidai hakikuonekana.

Kuhusu Nobel ya Takaaki Kajita na Arthur McDonald, walichothibitisha ni kwamba nutrino hubadilika aina njiani, hivyo zina uzito. Ila mabadiliko hayo hutoa tofauti kati ya miraba ya uzito, hayatoi uzito wenyewe. Ukiambiwa kuwa mtumbwi mmoja umezidi mwingine kwa gunia mbili, bado hujui hata mmoja umebeba nini. Jaribio la KATRIN huko Ujerumani, linalopima moja kwa moja, limefikia kusema kuwa uzito hauzidi elektronivolti 0.45. Bado ni mbali.

#9 Stendi_Nyamhongolo

Nimerekebishika. Naendelea kusoma kimya kimya.

#10 BintiUkerewe

Nirudi kwa swali la kijana wa Mwalimu, kwa nini majibu yapishane. Maelezo niliyofundishwa mimi ni ya ukubwa wa uwanja.

Kuna wanaotumia modeli ya maganda. Hao huchagua maganda machache ya juu ya kiini (maganda ni ngazi za nishati ambamo protoni na nyutroni hukaa), huyafunga mengine yote kana kwamba ni jiwe, halafu huruhusu chembe za hayo machache kupangana kwa kila namna inayowezekana. Kuna wanaotumia mbinu iitwayo kwa kifupi QRPA, ambao hufungua maganda mengi sana, lakini chembe zao huruhusiwa kutikisika kwa namna chache tu. Kwa germaniamu-76 wa kwanza hupata kizidishi cha karibu 3, na mbinu zenye uwanja mpana hupanda hadi 5 au 6.

Fikiria wavuvi wawili wanaoulizwa sangara wamekaaje ziwani. Wa kwanza ameishi katika Ghuba ya Mwanza maisha yake yote na anajua kila mwamba, ila hajawahi kuvuka kisiwa cha Ukerewe. Wa pili amezunguka Musoma, Kisumu, Jinja na Bukoba, ila kila mahali alitupa nyavu mara moja akaondoka. Wote wawili ni wakweli.

#11 Fundi_Mtumbwi

Dada yangu, mfano ni mzuri lakini una tundu. Wavuvi hao wawili wanaweza kukutana mwaloni na kuulizana. Je, hakuna mtu aliyekwenda kuangalia tu nyutroni zimekaa kwenye maganda gani, badala ya kubishana?

#12 BintiUkerewe

Fundi, swali lako lilikwishaulizwa na lilijibiwa kwa vitendo. Mwaka 2008 kundi lililoongozwa na John Schiffer lilichapisha vipimo vya germaniamu-76 na seleniamu-76. Walizirushia chembe nyepesi zinazong'oa au kupachika nyutroni moja moja, na kwa kuhesabu zilizotoka wakajua kila ganda lina nyutroni ngapi kwa wastani. Ikaonekana kuwa waliokuwa wakihesabu walikuwa wamekosea ujazo wa baadhi ya maganda. Walipojirekebisha, namba za QRPA zikashuka, za modeli ya maganda zikapanda kidogo, na pengo likapungua. Kupungua, si kwisha.

#13 Mionzi_Kapripoint

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mimi ni fundi wa vifaa vya mionzi, na kwa miaka mingi nilihudumia chanzo cha kobalti-60, ambacho nusu-uhai wake ni miaka 5.27. Kila mwezi tulikuwa tukikokotoa upya dakika za kumweka mgonjwa kwenye mashine, kwa sababu chanzo kilikuwa kimechoka kidogo. Hakuna siku tuliyobishana kuhusu kizidishi cha kiini, kwa sababu nusu-uhai ulipimwa na hakuna aliyehitaji kuukokotoa. Ndiyo maana nasema BintiUkerewe ameacha sababu kubwa kuliko ukubwa wa uwanja.

Beta ya kawaida, ambayo tunaipima kila siku, nayo hukokotolewa na modeli hizohizo. Na modeli ya maganda ikifanya hivyo hupata kasi kubwa kuliko iliyopimwa, mpaka wakipunguze kipimo cha nguvu inayogeuza mzunguko (spini) wa chembe, kwa kukizidisha na 0.75 hivi. Kwa nyutroni iliyo huru kipimo hicho ni 1.27. Ndani ya kiini wanalazimika kutumia kama 0.95. Katika kuoza bila nutrino kipimo hicho huingia kwa kipeo cha nne, na 0.75 kwa kipeo cha nne ni takriban 0.32, yaani nusu-uhai unarefuka mara tatu kwa marekebisho ambayo kwa miaka mingi hayakuwa na maelezo. Mtu akiniambia mizani yake inahitaji kuzidishwa na 0.75 ili ikubaliane na ya soko, mimi sinunui kwake.

#14 Jiwe_la_Bismarck

Mionzi, ulichosema ni kweli kwa miaka ya nyuma, lakini mwaka 2019 yalichapishwa mahesabu, kuanzia viini vyepesi hadi bati-100, yaliyoonyesha kuwa sehemu kubwa ya upungufu huo inaelezeka. Kwanza, modeli zilikuwa zimeacha mahusiano ya chembe zilizo mbali na maganda yaliyochaguliwa. Pili, zilichukulia kuwa nyutroni hugeuka ikiwa peke yake, wakati jirani yake hushiriki katika tendo hilo. Ukiyaweka yote mawili, 0.75 haihitajiki.

#15 Mionzi_Kapripoint

Nakubali kwa beta ya kawaida. Lakini katika beta maradufu bila nutrino, ile nutrino ya ndani hubeba msukumo mkubwa, wa kiwango cha megaelektronivolti 100, kwa sababu inaishi katika umbali wa femtomita chache tu (femtomita moja ni sehemu ya milioni ya bilioni ya mita). Beta ya kawaida haigusi msukumo wa namna hiyo. Kwa hiyo maelezo ya 2019 hayahamishwi yakiwa mazima kwenda huku. Bado nimesimama na mizani yangu.

#16 KarabaiUsiku

Ngoja niulize kama mhasibu. Ile beta maradufu yenye nutrino mbili, ambayo imeshapimwa, si ndiyo ya kukagulia vitabu? Modeli inayokosea kwenye ile, tuitupe. Inayopatia, tuiamini.

#17 BintiUkerewe

Ndivyo wanavyofanya wengi wa QRPA: hurekebisha kigezo kimoja cha mvutano kati ya nyutroni na protoni mpaka nusu-uhai uliopimwa, ambao kwa germaniamu-76 ni kama miaka 2 × 10²¹, utoke sawasawa. Tatizo ni lilelile alilolitaja Mionzi. Yenye nutrino mbili hupita kwenye hali chache za kiini cha kati, zile zenye mzunguko wa 1 na msukumo mdogo. Isiyo na nutrino hupita kwenye hali zote, za kila mzunguko. Unakuwa umepima kina cha ziwa pale watoto wanapooga, halafu unaelekeza meli.

#18 Fundi_Mtumbwi

Mimi naona mnazungumza habari za idadi na nguvu tu, na hakuna aliyegusa umbo. Nimechonga na kupigilia mitumbwi miaka 22. Ubao uliopindishwa kwa mtumbwi mmoja hauingii kwenye mwingine hata kama urefu na unene ni sawa, kwa sababu mpindo umekataa. Viini navyo si vyote mviringo, nimewahi kusoma hivyo. Sasa kama kiini cha mwanzo ni kama yai na cha mwisho ni kama mpira, vitaoana vipi?

#19 BintiUkerewe

Fundi, umenifurahisha. Hilo ni mojawapo ya athari kubwa kabisa za muundo, na mfano wake maarufu ni neodimiamu-150. Nishati yake ni kubwa, megaelektronivolti 3.37, na nafasi ya elektroni zake kutoka ni kubwa kuliko ya karibu viini vingine vyote vinavyotumika, kwa hiyo kwa haraka ungesema ndiyo ya kununua. Lakini neodimiamu-150 imerefuka kama yai, na samariamu-150 inayofuata haijarefuka kiasi hicho. Tofauti hiyo ya umbo inapunguza kizidishi, na hesabu zilizochukulia viini vyote kuwa mviringo zilikuwa zimekipandisha mno.

Kuna na upande mwingine. Zenoni-136 ina nyutroni 82, kalsiamu-48 ina protoni 20 na nyutroni 28, na hizo zote ni namba za maganda yaliyojaa. Ganda lililojaa halina urahisi wa kubadilishana jozi, ndiyo sababu kizidishi cha kalsiamu-48 ni kidogo, karibu na 1 au chini yake, ingawa nishati yake, megaelektronivolti 4.27, inawazidi wote.

#20 Jiwe_la_Bismarck

Na kalsiamu-48 ni asilimia 0.187 tu ya kalsiamu yote. Ukichoma chokaa ya ziwa zima hujapata mzigo.

#21 BintiUkerewe

Naomba niongeze jambo moja nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu nadhani ndipo palipo na kiini cha swali la kijana.

Nilipokuwa nafanya utafiti wangu nilikuwa nimepanga chumba Igoma, na niliandika mwenyewe programu ya modeli ya maganda, ya polepole sana, ili nihesabu titani-48, ambayo ni kiini cha mwisho cha kalsiamu-48. Ukiifunga kalsiamu-40 kama jiwe, zinabaki protoni 2 na nyutroni 6. Ni chembe nane tu. Lakini mipangilio inayowezekana katika maganda manne yanayofuata inazidi laki sita, na kila mmoja ni mstari mmoja wa matriksi. Kompyuta mpakato yangu ilitumia saa 19, umeme ukakatika, betri ikaisha, na sikuwa nimehifadhi chochote. Nilikaa gizani nikisikiliza feni ikipoa.

Mara ya pili niliamua kutosubiri jumla tu. Niliigawa hesabu kwa jozi: nyutroni mbili zilizoungana kwa mzunguko sifuri zinachangia kiasi gani, na zilizoungana kwa mizunguko mingine zinachangia kiasi gani. Jozi za sifuri zilitoa namba kubwa chanya. Jozi nyingine zote zilitoa namba hasi, na zilifuta sehemu kubwa ya ile ya kwanza. Ukiigawa kwa umbali unaona jambo hilohilo: karibu kila kinachobaki kinatoka kwa nyutroni zilizo umbali wa kama femtomita moja, na zilizo mbali kuliko femtomita mbili au tatu zinafutana. Kinachoitwa kizidishi ni masalia.

#22 KarabaiUsiku

Basi nimeelewa kuliko wote! Mapato milioni 50, matumizi milioni 48, faida milioni 2. Karani akikosea asilimia 2 kwenye mapato, faida yako imepungua nusu, na daftari linaonekana safi kabisa. Mwalimu, mpe kijana daftari, usimpe wavuvi.

#23 Jiwe_la_Bismarck

Na kama masalia yanatoka femtomita moja, kuna habari mbaya zaidi. Mwaka 2018 kundi la Vincenzo Cirigliano lilionyesha kuwa mlinganyo uliokuwa ukitumika tangu zamani una upungufu: panahitajika mchango wa ziada wa nyutroni mbili zinapogusana, na hesabu za awali hazikuwa nao. Si marekebisho madogo. Kwa kalsiamu-48, hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilikuta kuwa mchango huo unapandisha kizidishi kwa takriban asilimia 43.

Kwa hiyo Mionzi anapunguza na mizani yake, huyu anaongeza, Fundi anapunguza tena na umbo lake.

#24 Stendi_Nyamhongolo

Nilisema nitakaa kimya lakini limenishinda. Je, haiwezekani kizidishi cha kweli ni sifuri, na ndiyo maana hawaoni kitu?

#25 Mionzi_Kapripoint

Kizidishi sifuri kwa viini vyote kwa pamoja ni bahati mbaya isiyo na mantiki. Ukitaka sifuri, itafute kwenye uzito fanisi. Kwanza, nutrino inaweza isiwe antichembe ya nafsi yake, na hapo tendo zima halipo. Pili, uzito fanisi ni jumla ya michango mitatu yenye awamu zake, na kama nutrino zimejipanga kwa mpangilio wa kawaida (mbili nyepesi, moja nzito), michango hiyo inaweza kufutana. Mpangilio ukiwa wa kinyume (moja nyepesi, mbili nzito), uzito fanisi haushuki chini ya milielektronivolti 18 hivi. Ndiyo maana 28 na 122 zinauma: ukiamini 28, umekaribia kulimaliza eneo lote la mpangilio wa kinyume. Ukiamini 122, hata mlangoni hujabisha hodi.

#26 Jiwe_la_Bismarck

Niweke na hili kwa ajili ya Jumatatu ya Mwalimu. Siku hizi wapo wanaoanza na nguvu za msingi kati ya chembe mbili na tatu, bila kuazima kigezo kutoka kwenye kiini chenyewe, na wanatoa jibu pamoja na shaka yake. Mwaka 2024 kundi mojawapo lilipata kwa germaniamu-76 kizidishi cha 2.60, kinachoweza kupanda hadi karibu 3.9 au kushuka hadi karibu 1.2. Wengine wamelalamika kuwa shaka hiyo ni pana mno. Mimi naona ni mara ya kwanza shaka imekokotolewa. Zamani shaka ilikuwa tofauti kati ya modeli tu, na kuwauliza watu watano njia ya kwenda Magu kisha ukachukua wastani hakukufikishi Magu.

#27 BintiUkerewe

Jiwe, nakupinga kidogo. Hao nao hukata uwanja wao mahali fulani, na nguvu zao za msingi zina matoleo kadhaa yasiyokubaliana. Shaka yao ni bora kuliko yetu, lakini usiseme wameanza bila kuazima.

#28 Mwalimu_Nyegezi

Nimerudi kutoka darasani, asanteni nyote. Nilitumia daftari la KarabaiUsiku, na ubao wa Fundi ukaleta kicheko. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Kwa hiyo kila mmoja ana sababu yake. Je, wakipima kwenye viini viwili tofauti na kugawanya nusu-uhai, uzito wa nutrino si utajifuta, na kizidishi kitabaki uchi?" Sikumjibu. Safari hii kengele haikulia.

#29 Jiwe_la_Bismarck

Mwambie ni wazo sahihi na limo katika mipango, ndiyo maana watu hawatumii germaniamu peke yake wala zenoni peke yake. Kwanza lakini wavione viwili. Sasa hivi hawajaona hata kimoja.

#30 Mionzi_Kapripoint

Na modeli zote zikiwa zimekosea upande mmoja kwa kiasi kilekile, kosa nalo litajifuta pamoja na uzito, na hutalijua.

#31 BintiUkerewe

Mwalimu, kijana huyo asiachwe na maneno yetu. Mpe kalsiamu-42: jiwe ni kalsiamu-40, na zinabaki nyutroni mbili katika ganda la f7/2. Aandike mipangilio yote ambayo jumla ya sehemu za mizunguko yake kwenye mhimili mmoja ni sifuri, kisha atafute mizunguko ya pamoja inayoruhusiwa. Asitumie kompyuta, kalamu inatosha.

#32 Mwalimu_Nyegezi

Amepata mipangilio minne, na mizunguko 0, 2, 4 na 6. Ameandika chini ya karatasi: "Mwalimu, muulize huyo dada ni nani aliyeamua kwamba nyutroni haziruhusiwi kupanda kwenye ganda la juu, p3/2."